Damu ya ukoo au chungu cha nyumba?

Mwanzo wa mwezi wa saba, siku ya kutangaza matokeo ya masomo, kila kartye ina maneno yake. Mtoto aliyepata asilimia 80 anabebwa mabegani, na baba yake anasema mbele ya watu: "Huyu ni damu yangu." Katika nyumba ya pili mtoto amerudi na asilimia 38, buletini ameikunja mfukoni, na baba anamgeukia mama: "Kichwa hiki alikitoa kwenu." Akili ikifika, ni ya ukoo wa baba. Ikikosekana, imetoka kwa wajomba.

Tunacheka, lakini maneno hayo yana bei. Mtoto anayesemwa kwamba hana kichwa ndiye anayetolewa masomo wa kwanza pesa zikipungua. Akiwa msichana, hatungoji hata pesa zipungue. Na mtoto ambaye hasemi vizuri au hajifunzi kama wenzake, kuna nyumba ambamo anaishia kuitwa mchawi. Kwa hiyo, wamama wapendwa, wiki hii tunaliuliza swali hilo waziwazi: akili ya mtoto inatoka wapi? Ni damu, au ni namna anavyolelewa na kulishwa? Watu wenye elimu wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia. Sisi tutaanzia karibu, katikati ya ziwa Kivu.

Shingo za Idjwi

Katika miaka ya 1960 watafiti wa kituo cha Lwiro na wenzao wa Ubelgiji walivuka mara nyingi kwenda kisiwa cha Idjwi. Walikwenda kuchunguza jambo ambalo wenyeji walilijua tangu zamani: shingo zilizovimba. Upande wa kaskazini wa kisiwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na goita. Tena kulikuwa na kitu kizito kuliko shingo. Walikuwepo watoto ambao hawakukua. Mtu ana miaka 20 lakini kimo chake ni cha mtoto, ngozi kavu na nene, uso umejaa, maneno machache, na akili imesimama mahali pa mtoto mdogo.

Ugonjwa wa namna hii hupenda kurudia nyumba ileile. Mama anamzaa mmoja, halafu anamzaa mwingine. Ukiona hivyo, utasema nini? Utasema ni damu. Utawaonya vijana wasioe katika ukoo ule.

Haikuwa damu. Kilichokosekana ni iodi, kitu kidogo sana ambacho mwili unakihitaji kwa kipimo ambacho jicho haliwezi kukiona. Ukikusanya iodi yote ambayo mtu anahitaji tangu kuzaliwa mpaka uzee, haipiti kijiko kimoja cha chai. Mbele ya shingo kuna tezi inayotumia iodi kutengeneza homoni, na homoni hiyo ndiyo inayoongoza ujenzi wa ubongo wa mtoto tumboni. Katika miezi ya kwanza ya mimba mtoto hana tezi yake inayofanya kazi. Anaishi kwa homoni ya mama. Mama akikosa iodi, tezi yake inavimba ikijaribu kukamata kile kidogo kilichopo, na mtoto anajengwa nusunusu. Iodi nyingi iko baharini. Milima yetu, iliyooshwa na mvua miaka na miaka, imebaki na kidogo.

Lakini watafiti walikuta fumbo. Upande wa kusini magharibi wa kisiwa kilekile, watu walikosa iodi vilevile kama wa kaskazini, na bado wenye goita walikuwa wachache sana. Maelezo waliyoyapata yalikuwa jikoni: kaskazini watu walikula muhogo mchungu kwa wingi zaidi. Sumu ya muhogo ambao haukulowekwa vya kutosha, mwili unapoivunja, inaacha kitu kinachoizuia tezi kukamata iodi. Palipokuwa na upungufu wa iodi peke yake, mwili ulivumilia. Palipoongezeka muhogo ule, ulishindwa. Kisiwa kimoja, ziwa moja, watu jirani. Tofauti ilikuwa ndani ya chungu.

Dawa haikuwa ya ajabu. Sindano moja ya mafuta yenye iodi ilitosha kwa miaka kadhaa, na ilitumiwa Idjwi na pia kule Ubangi, kaskazini magharibi mwa nchi, ambako wanawake wajawazito walidungwa na watoto wao wakakua vizuri zaidi kuliko wale ambao mama zao hawakuipata. Tangu miaka ya 1990 iodi inatiwa katika chumvi inayouzwa nchini. Damu ya watu wa Idjwi hakuna aliyeigusa.

Kwa nini tumeanza na habari hii? Kwa sababu inatufundisha kuangalia mara mbili kabla ya kusema neno "ukoo". Vitu vinavyorudia katika familia si lazima viwe vya damu. Familia inarithishana damu, ndiyo, lakini inarithishana pia shamba, kisima, chumvi, namna ya kutayarisha muhogo, madeni na masomo yaliyokatika katikati. Ndugu watoka tumbo moja na wanakula chungu kimoja. Kwa macho tu, huwezi kujua ni kipi kilichofanya kazi.

Mama wa Norway aliyekataa kunyamaza

Sasa sikieni habari ya upande wa pili, maana huko ilikuwa damu kweli.

Nchi ya Norway, miaka ya 1930. Mama mmoja, Borgny Egeland, alikuwa na watoto wawili, Liv na Dag. Wote wawili walizaliwa wazima. Kadiri miezi ilivyopita, akili yao haikusogea: msichana alichelewa kutembea na maneno yake yalikuwa machache, na mvulana alikuwa na hali mbaya zaidi. Mama alizunguka kwa waganga, akaambiwa hakuna la kufanya. Lakini alikuwa ameona jambo moja: mkojo wa watoto wake ulikuwa na harufu ya ajabu. Alilisema kila mahali. Mwishowe, mwaka 1934, daktari Asbjørn Følling alikubali kuupima mkojo ule, akatia dawa ndani, na rangi ikageuka kijani badala ya ile aliyoitegemea. Kutoka hapo akagundua ugonjwa ambao leo unaitwa fenilketonuria.

Huu ni ugonjwa wa kurithi. Baba na mama wote wawili wanabeba kosa dogo katika jeni moja. Jeni ni maagizo tunayoyapokea kwa wazazi, nusu kwa baba na nusu kwa mama, yanayouambia mwili ujijenge namna gani. Wazazi wenyewe hawaumwi. Mtoto anayepokea kosa hilo pande zote mbili, mwili wake hauwezi kuvunja sehemu fulani ya protini, ile iliyomo katika maziwa, nyama, mayai, maharagi. Sehemu hiyo inajaa katika damu na kuharibu ubongo. Maziwa yanayomkuza mtoto wa jirani ndiyo yanayomharibu huyu.

Na dawa yake ni nini? Chakula. Katika miaka ya 1950 madaktari walionyesha kwamba mtoto akipewa chakula maalum chenye kiasi kidogo sana cha sehemu hiyo, tangu siku zake za kwanza, anakua na akili kama ya wenzake. Ndiyo maana Ulaya kila mtoto mchanga anatobolewa kisigino na tone la damu linapelekwa kupimwa. Kwa Liv na Dag ilikuwa imechelewa. Kwa maelfu waliofuata, haikuchelewa, na ilianza na mama aliyesema "harufu hii si ya kawaida" mpaka akasikilizwa.

Ugonjwa huo ni wa nadra kwa watu wa Afrika. Hatuuandiki ili mwanze kunusa mikojo ya watoto. Tunauweka kando ya Idjwi. Kule, jambo lililoonekana la damu lilikuwa la chakula. Huku, jambo lililokuwa la damu kabisa lilitengenezwa kwa chakula. Kwa hiyo yule anayesema "ni damu, hakuna la kufanya" amekosea mara mbili: hajui kama ni damu, na hata ikiwa damu, hajui kama hakuna la kufanya.

Damu ina kazi yake

Tusiende upande mwingine tukasema damu si kitu. Huo nao ungekuwa uongo, na wamama wanaolea watoto wengi wanaujua. Watoto wawili wa nyumba moja, mmoja anashika hesabu kabla ya kuingia darasani, mwingine anahitaji mwaka mzima. Mapasa wanaofanana kabisa, waliotoka katika yai moja, wakipimwa akili wanakaribiana kuliko mapasa wasiofanana, hata pale ambapo walitenganishwa na kulelewa katika nyumba mbalimbali. Kutokana na hesabu za mapasa, wataalamu wanasema karibu nusu ya tofauti za akili kati ya watu inahusiana na urithi.

Neno "nusu" hilo linapotosha wengi. Halisemi kwamba nusu ya akili ya mtoto wako ilitoka kwa wazazi na nusu kwa masomo, kama vile unavyochanganya unga wa mahindi na wa muhogo. Linasema juu ya tofauti kati ya watu wa mahali fulani, katika maisha fulani. Ukibadilisha maisha, hesabu inabadilika. Mwaka 2003 mtaalamu wa Marekani, Eric Turkheimer, alichapisha hesabu za mapasa wa miaka 7 wa nchi yake. Katika familia tajiri, urithi ulieleza sehemu kubwa ya tofauti za akili. Katika familia maskini, haukueleza karibu chochote. Mazingira ndiyo yalikuwa yanaamua. Katika nchi za Ulaya ambako huduma zinafika kwa wengi, tofauti hiyo kati ya tajiri na maskini haikuonekana hivyo. Mimi naisoma hivi: kila mtoto akishiba, akitibiwa na kufundishwa, kinachobaki kuwatofautisha ni damu zaidi. Pale ambapo wengi wanalala njaa, damu haipati hata nafasi ya kujionyesha.

Wala hakuna jeni moja ya akili ambayo ukoo wa baba ungeweza kuishika na kuifungia. Mwaka 2018 watafiti waliangalia watu zaidi ya milioni 1, wenye asili ya Ulaya, kutafuta ni wapi katika urithi wao kuna kinachohusiana na miaka waliyokaa masomoni. Walikuta zaidi ya sehemu 1,000, kila moja ikichangia kidogo sana. Kila mtoto anapokea mchanganyiko wake, kutoka pande zote mbili, na ndiyo sababu ndugu hawafanani. Kwa hiyo mabishano ya "kwenu" na "kwetu" siku ya buletini, wababa mtusamehe, hayana msingi.

Kuna magonjwa ya kurithi au ya kuzaliwa ambayo yanagusa akili na ambayo tunayo hapa kwetu. Trisomia 21 hutokea mtoto anapopata kromosomu moja ya ziada. Mara nyingi hairithiwi, inaweza kumpata mama yeyote, ingawa inaongezeka kadiri umri wa mama unavyokwenda. Drepanositozi, yaani SS, haiharibu akili yenyewe, lakini inaweza kuziba mishipa midogo ya ubongo, na mtoto anarudi nyuma masomoni bila mtu kujua sababu. Hiyo inapimwa, na vijana wanaotaka kuoana wangefanya vizuri kuipima kabla ya kuhesabu mahari.

Watoto wa bwaki wamekuwa watu wazima

Katika Kivu tuna neno letu, bwaki. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinakuwa nyekundu na laini, ngozi inabanduka, anakaa kimya bila kutaka kucheza. Katika hospitali ya watoto ya Lwiro, huko Kabare, kaskazini mwa Bukavu, wametibiwa watoto wengi sana wa utapiamlo mkali. Swali ambalo karibu hakuna aliyekuwa ameliuliza ni hili: wakishapona na kurudi nyumbani, wanakuwa watu gani?

Watafiti wa hapahapa Kivu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walikwenda kuwatafuta. Walichukua majina ya watoto waliotibiwa Lwiro kati ya mwaka 1988 na 2007, wakapita vijijini wakiuliza, mpaka wakapata zaidi ya 500 ambao sasa ni watu wazima. Wakawalinganisha na majirani wa umri uleule ambao hawakupata utapiamlo wa namna hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliougua utotoni walipata pointi chache zaidi katika kipimo cha akili, wachache zaidi kati yao waliendelea baada ya masomo ya msingi, na walijithamini kidogo kuliko wenzao.

Hilo la mwisho liliniuma kuliko yale mengine. Hawa si watu walioharibika. Walipona, wanalima, wanachuuza, wanalea. Lakini njaa ya utotoni imewafuata mpaka utu uzima, na ndani ya nafsi zao wamejiweka chini. Ni nani aliyewaambia kwamba hawana kichwa? Huenda ni sisi.

Tuseme pia wazi: bwaki si uzembe wa mama. Vita vikipita mara mbili katika shamba moja, mama anakimbia na mtoto mgongoni, anarudi na kukuta maharagi yameshavunwa na wengine, utamlaumu kwa protini gani? Mtu anayeandika juu ya chakula cha watoto wa Kivu bila kutaja bunduki hajasema kweli yote.

Ilipotengenezwa, ilionekana

Huko Embu, Kenya, mashambani kama kwetu, watoto wa masomo walipimwa akili mwaka 1984. Mwaka 1998 wakapimwa watoto wengine wa umri uleule, mahali palepale. Wale wa 1998 waliwapita wa 1984 kwa mbali. Miaka 14 ni michache mno kwa damu ya watu kubadilika. Watafiti walitaja mambo kama wazazi waliosoma zaidi, familia ndogo zaidi, chakula bora. Kupanda kwa namna hii kulishaonekana katika nchi nyingi. Aliyekufanya kujulikane ni James Flynn wa New Zealand katika miaka ya 1980. Kwa wale wanaopenda kusema kwamba taifa fulani lilizaliwa na akili ndogo, Embu ni jibu la kutosha.

Habari nyingine inatoka Jamaica, na hii ningependa kila kikundi cha wamama kiisome kwa sauti. Miaka ya 1986 na 1987, mjini Kingston, watafiti pamoja na Sally Grantham-McGregor walichagua watoto 129 wa familia maskini waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki, saa moja, kwa miaka miwili. Mgeni hakuja na vitu vya bei. Alikuja na michezo iliyotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa, na kazi yake haikuwa kumfundisha mtoto. Kazi yake ilikuwa kumwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto, kumtajia vitu, kumjibu anapoguna, kumsifu anapojaribu. Miaka 20 baadaye, watoto wale walikuwa wanapata mshahara unaopita kwa asilimia 25 ule wa wenzao waliodumaa kama wao na ambao hawakutembelewa.

Sisi tuna vizibo vya soda, vikopo, mbegu za maboga, vitambaa. Tuna vitendawili na hadithi za sungura katika kila lugha ya hapa. Tatizo letu ni kwamba mama amechoka, na mtoto anayeuliza sana tunamwambia anyamaze. Mtoto wa miaka 2 anayefungwa mgongoni sokoni siku nzima anaweza kutajiwa nyanya, sambaza, lengalenga, sombe, mzani, franka. Haikatizi biashara. Na kama likelemba yenu inakutana kila wiki, nusu saa ya kuwakalisha watoto pamoja na kucheza nao haitaongeza gharama yoyote.

Masomo yenyewe nayo yanajenga akili. Hayatumiki tu kwa wale ambao tayari wanayo. Watafiti walipokusanya hesabu za watu zaidi ya 600,000, walikuta kila mwaka mmoja wa masomo unaongeza kati ya pointi 1 na 5 katika vipimo vya akili. Fikirini basi msichana aliyetolewa darasa la 4 na kaka yake aliyemaliza sekondari. Wakiwa na miaka 20, watu watasema: "Unaona? Mvulana ana kichwa." Walianza sawa. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi ya serikali yametangazwa kuwa ya bure, na ingawa tunajua vilevile yale mengine yanayodaiwa mlangoni, sababu moja ya kumbakiza msichana nyumbani imepungua.

Hata yule aliyetengeneza kipimo cha kwanza cha akili, Mfaransa Alfred Binet, mwaka 1905, alikitengeneza ili watoto wanaochelewa katika masomo ya Paris wajulikane na kusaidiwa. Alikasirishwa na wale waliosema akili ya mtu ni kipimo kisichoongezeka. Tena kipimo hakioni kila kitu. Magharibi mwa Kenya, karibu na ziwa Victoria, watafiti waliwauliza watoto juu ya dawa za majani zinazotibu minyoo na homa. Walioyajua sana majani hayo mara nyingi walikuwa na pointi chache katika maneno ya Kiingereza. Familia ziliwafundisha wengine kwa ajili ya kijiji, na wengine kwa ajili ya darasa.

Jikoni na darasani

Chumvi kwanza. Nunueni ile yenye iodi, iliyoandikwa hivyo kwenye mfuko. Iodi inakimbia kwa unyevu, jua na moto: wekeni chumvi ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na figa, na muitie chunguni mwishoni mwa kupika. Mama mwenye mimba ndiye wa kwanza kuihitaji, na msichana anayekaribia kuolewa pia, kwa sababu mimba ikijulikana, wiki za kwanza zimeshapita.

Muhogo mchungu ulowekwe siku zake kamili, 3 au zaidi, hata soko likiharakisha. Huko Kahemba, katika Kwango, ambako kufupisha siku za kuloweka kumeleta konzo, ule ugonjwa unaopooza miguu, watoto waliopimwa walionekana kurudi nyuma katika akili pia, hata baadhi ya wale ambao miguu yao ilikuwa mizima. Kama una wasiwasi juu ya unga ulionunua, uchanganye na maji, uutandaze mwembamba juu ya sinia, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inatoka hewani. Halafu pika bugali kama kawaida, siku hiyohiyo.

Kasiksi na pombe nyingine, mama mwenye mimba aache kabisa. Pombe inavuka hadi kwa mtoto, na uharibifu wake katika ubongo haurudi nyuma. Wale wanaovunja betri za gari uani ili kuuza risasi iliyomo, wawaondoe watoto hapo. Risasi inaingia kwa mavumbi na vidole, na inakula akili bila homa wala jeraha. Malaria ya kichwa isingoje asubuhi.

Na buletini ikija mbaya, kabla hamjazungumza habari za wajomba, muulizeni mtoto anakaa wapi darasani. Msimame nyuma yake mmuite jina lake kwa sauti ndogo, muone kama anageuka. Mfunikeni jicho moja na kumwonyesha herufi ukutani, halafu lingine. Muulize mwalimu kama anasinzia asubuhi, na wewe mwenyewe ujikumbushe alikula nini kabla ya kutoka, na alichota maji mara ngapi. Kuna mtoto amerudia darasa la 2 mara mbili, na ubao hauoni.